Kabla Hujakaza Skrubu: Diski na Nyaya za Kompyuta ya Nyumbani

Mtu anayekusudia kujiundia kompyuta ya mezani nyumbani kwake aghalabu huanza na yale yanayoonekana kwa macho: kioo kikubwa, kasha lenye taa, kibodi ya kupendeza. Diski, yaani chombo kinachotunza kumbukumbu zote, hufikiriwa mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha pungua. Nyaya ndizo hazifikiriwi kabisa, mpaka jioni ile kasha liko wazi juu ya meza ya chakula, watoto wamelizunguka, na waya wa kwanza unaonekana haufiki. Tunakuomba, ndugu msomaji, ugeuze utaratibu huo. Panga kwanza kumbukumbu zako zitakaa wapi, kisha nyaya zitapita wapi, halafu mengine yafuate.

Kioo kikivunjika utanunua kingine. Kibodi ikiingia maji utanunua nyingine, wala jirani hatajua. Lakini diski ikifa, picha za marehemu bibi, daftari la madeni ya duka, na tasnifu ya kijana aliyebakiza majuma mawili kuiwasilisha chuoni, vyote huondoka nayo, na hakuna duka Kariakoo linaloviuza.

Mkazi wa Mchikichini ana nafasi ambayo wengi mikoani wanaitamani. Kariakoo iko jirani, mwendo wa miguu tu ukifuata Barabara ya Uhuru, na humo vifaa vya kompyuta huuzwa vipya na vya mtumba, kwa jumla na kwa kimoja kimoja. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni, ila kwa kibali maalumu, na kwa miaka mingi mashine hizo zilibaki kuwa mali ya ofisi chache, zikitunzwa katika vyumba vyenye kiyoyozi kama wagonjwa mahututi. Leo kijana wa kidato cha nne anaweza kutoka nyumbani asubuhi na kurejea alasiri na kompyuta nzima katika mfuko, vipande vipande. Wingi huo wa bidhaa ndio unaotaka mpango. Anayeingia sokoni bila karatasi hununua anachoonyeshwa.

KIASI GANI KINAHITAJIKA

Usiulize kwanza, "Diski ipi ni kubwa?" Uliza, "Nyumba yangu inazalisha nini?" Tuchukue mfano wa kaya ya watu sita ambayo baba na mama wana steshenari ndogo barazani, binti yuko chuoni, na kijana hupigwa teksi mfukoni kwa kurekodi harusi na kipaimara.

Kazi za steshenari ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Ukurasa mmoja uliopigwa picha kwa skana huchukua takriban megabaiti 1. Kurasa 100 kwa siku, kwa siku 300 za kazi, ni gigabaiti 30 kwa mwaka mzima. Picha za simu nazo si mzigo mkubwa: ukikadiria megabaiti 4 kwa kila picha, picha 10,000 hazizidi gigabaiti 40. Barua, mitihani na daftari la hesabu ni kama tone ndani ya pipa. Mlaji mkubwa ni video. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hujaza zaidi ya gigabaiti 22 kwa saa moja, na harusi moja ya Kiswahili, tangu kutoka nyumbani kwa bibi harusi hadi keki, si ya saa moja. Kijana huyo akirekodi saa sita kila Jumamosi, atakuwa ametumia gigabaiti 135 kabla ya Jumapili kupambazuka.

Kwa hiyo kaya isiyo na kazi ya video yaweza kuishi miaka kadhaa kwa diski moja ya gigabaiti 500, ilhali yenye kazi hiyo hapana budi ifikirie terabaiti 2 au zaidi, tena kwa utaratibu wa kuzifuta harusi zilizokwisha kukabidhiwa kwa wenyewe. Fanya hesabu hii kwa kalamu. Ni ya darasa la tano, na itakuokolea fedha pande zote mbili: usinunue ndogo ikajaa, wala usinunue kubwa ikakaa tupu.

Jambo moja huwatia watu mashaka wakadhani wamepunjwa. Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 ikichomekwa, kompyuta nyingi huonyesha 465, na ile ya terabaiti 1 huonyesha 931. Hapo hapana wizi. Kiwanda huhesabu kwa makumi, yaani kilobaiti ni baiti 1,000, ilhali kompyuta huhesabu kwa 1,024. Wizi upo, lakini uko mahali pengine, nasi tutaufikia.

AINA TATU, NA IPI IKAE WAPI

Diski ngumu ya asili ina sahani zilizopakwa sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachoelea juu yake bila kuzigusa, kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Babu yake alitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956: sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, zote zikitunza herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu yako ingeijaza. Diski za leo ni za kiganjani, lakini tabia haijabadilika sana. Haipendi kugongwa ingali inazunguka, haipendi joto, na kuipata kumbukumbu iliyo upande mwingine wa sahani huchukua muda.

Aina ya pili haina kinachozunguka. Madukani huitwa SSD, na iliyozoeleka ni ya inchi 2.5, inayochomekwa kwa waya wa SATA. Aina ya tatu ni kipande chembamba cha upana wa milimita 22 na urefu wa 80, kinacholala moja kwa moja juu ya ubao mkuu, au madabodi kama wanavyouita mafundi, katika tundu liitwalo M.2. Hiki hakihitaji waya wowote. Chenye kasi kubwa huitwa NVMe, lakini vipo vingine vya umbo hilo hilo ambavyo ndani ni SATA, na tundu la kimoja si lazima likubali kingine. Ukinunua bila kutazama kitabu cha ubao wako, utarudi dukani kesho yake.

Kwa kasi, diski ngumu husoma takriban megabaiti 150 kwa sekunde inapobembelezwa, SSD ya SATA huzidi 500, na NVMe ya kawaida huzidi 3,000. Tarakimu hizi zisikulevye. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kompyuta iliyokuwa ikikufanya uchemshe chai wakati inawaka itawaka kabla hujaketi vizuri. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, mwandishi wa barua na mchapaji wa mitihani hataona tofauti ya maana. Kijana wa video ataiona. Kwa maoni yetu, kaya ya kipato cha kawaida inafanya vema kuweka mfumo endeshi na programu katika SSD ya gigabaiti 240 au 500, na mafaili mazito katika diski ngumu ya terabaiti 1 au 2. Mpango huu si wa kifahari, lakini umewafaa wengi.

KASHA LA MTUMBA

Kompyuta nyingi zinazoundwa upya mitaani kwetu huanzia kwenye kasha la ofisi lililotumika ng'ambo, hasa Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Ni vyombo imara, navyo ni mwanzo mzuri kwa mwenye fedha kidogo. Walakini vina desturi zao. Katika mengi ya makasha hayo ya miaka ya karibuni, umeme wa diski hautoki kwenye kisanduku cha umeme, kile kiitwacho pawasaplai, bali hutoka kwenye ubao mkuu wenyewe kwa waya maalumu wenye vichwa viwili au vitatu tu. Mnunuzi asiyelijua hilo hununua diski tatu, akifika nyumbani anakuta mahali pa kuchomeka mbili. Yale madogo yanayolazwa chini ya kioo mara nyingi yana chumba kimoja tu cha diski kubwa ya inchi 3.5.

Basi kabla ya kulipa, omba kasha lifunguliwe palepale. Mwambie muuzaji kwa upole, "Kaka, naomba tutazame ndani kwanza." Muuzaji mwema hatakasirika. Hesabu vitu vitatu: vyumba vya diski, matundu ya SATA kwenye ubao, na vichwa vya umeme. Kidogo kuliko vyote ndicho kipimo chako. Vyumba vinne na vichwa viwili vya umeme ni diski mbili.

Liko na fumbo lingine, nalo limewasumbua hata mafundi wenye uzoefu. Katika mbao kuu nyingi, tundu la M.2 na baadhi ya matundu ya SATA hutumia njia moja ya mawasiliano. Ukichomeka kipande cha M.2, tundu moja au mawili ya SATA hufa kimya kimya. Diski iliyokuwa ikifanya kazi jana haionekani leo, mwenyewe anadhani imeungua, anaipeleka kwa fundi, naye fundi huenda akamuuzia nyingine. Kitabu cha ubao hueleza ni matundu yapi yanayozimwa. Kama kitabu kimepotea, jina la ubao limechapishwa juu ya ubao wenyewe, na kitabu chake hupatikana bure katika tovuti ya kiwanda.

NYAYA

Chukua karatasi ya daftari uchore kasha kama linavyoonekana likiwa limelazwa ubavu. Weka alama ya kila diski itakapokaa, kila tundu la SATA lilipo, na kisanduku cha umeme kilipo. Sasa chukua uzi wa cherehani, uupitishe ndani ya kasha kutoka tundu hadi diski, ukifuata njia ambayo waya utapita kwa kweli, si mstari ulionyooka angani. Pima uzi huo kwa tepu. Ongeza sentimita tano. Huo ndio urefu wa waya utakaonunua.

Waya wa taarifa wa SATA ni ule mwembamba, bapa, wenye pini 7. Kwa kanuni zake hautakiwi kuzidi urefu wa mita moja, na madukani zaidi hupatikana wa sentimita 30 hadi 50. Usinunue mrefu kwa kudhani ni akiba. Waya uliokunjwakunjwa ndani ya kasha huziba upepo wa feni na kukusanya vumbi. Wala usiukunje kwa pembe kali kama unavyokunja barua, kwa maana ndani yake mna nyaya ndogo zinazotaka kulala sambamba. Chagua wenye kibanio cha chuma kichwani, ili usichomoke kwa mtikisiko. Pale diski ilipokaribiana na ukuta wa kasha, chagua wenye kichwa kilichopinda. Waya huu ni wa bei ndogo, na ubovu wake huigiza ubovu wa diski: mafaili yanakwama, kompyuta inasitasita, diski inatoweka na kurudi. Kabla hujaihukumu diski, badilisha kwanza waya.

Waya wa umeme ni mpana zaidi, wenye pini 15. Mara nyingi waya mmoja una vichwa viwili au vitatu vilivyofuatana, na nafasi kati ya kichwa na kichwa haibadiliki. Ndiyo maana diski hupangwa kufuata waya. Ukiiweka moja juu kabisa na nyingine chini kabisa, kichwa cha pili hakitafika.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa kuwa jambo linalofuata huua diski kwa sekunde moja. Visanduku vya umeme vya kisasa vingine vina nyaya zinazochomoka pande zote mbili, ili mtu atumie zile anazohitaji tu. Upande wa diski, kichwa ni cha kanuni moja duniani kote. Upande wa kisanduku hakuna kanuni: kila kiwanda hupanga pini zake kipendavyo, na hata kiwanda kimoja hubadilisha kutoka toleo moja hadi jingine. Waya wa kisanduku fulani waweza kuingia barabara katika kisanduku kingine, ukakaa vizuri, ukabana, kisha ukapeleka volti 12 mahali palipotakiwa volti 5. Utasikia harufu tu. Diski zote zilizo kwenye waya huo huenda kwa pamoja, ile ya kazi na ile ya akiba. Kwa hiyo nyaya zilizokuja na kisanduku zitunzwe katika mfuko wake, ziandikwe jina, na ukikuta mafungu ya nyaya yamechanganywa katika boksi la dukani, pita ukaendelee na safari yako.

Vivyo hivyo uwe mwangalifu na vile viunganishi vya bei nafuu vinavyogeuza kichwa cha umeme cha zamani chenye pini 4 kuwa cha SATA. Vile ambavyo plastiki yake imemiminwa ikafunika nyaya moja kwa moja vimepata sifa mbaya kwa kushika moto. Kama huna namna, tafuta ambacho nyaya zake zinaonekana zimebanwa moja moja kwa nyuma. Bora zaidi ni kutokukihitaji.

KUNUNUA

Sasa tuufikie ule wizi. Kuna flashi na diski za nje zinazoandikwa terabaiti 2 na zaidi, bei yake ni ya maandazi, na kompyuta yenyewe inakubali kwamba ni terabaiti 2. Ndani yake ni kumbukumbu ya gigabaiti 32 au 64, na chombo kidogo kinachoiongoza kimefundishwa kusema uongo. Ukiweka mafaili machache yote yatasomeka vizuri. Ukivuka kiwango cha kweli, yanayofuata huandikwa juu ya yaliyotangulia au hutupwa tu, majina ya mafaili yakibaki yanaonekana. Mwenye mali hugundua baada ya miezi, siku anayofungua picha za arusi ya dada yake akakuta kijivu kitupu. Dawa ni kuijaza yote tangu siku ya kwanza na kuisoma tena. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hufanya kazi hiyo. Huchukua saa nyingi. Vumilia.

Kwa diski ya mtumba, ombi ni moja: iwashwe, isomwe. Kila diski hutunza ndani yake shajara ya maisha yake iitwayo SMART, na programu kama CrystalDiskInfo huionyesha bila malipo. Tazama saa ilizofanya kazi. Mwaka una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 40,000 imekesha zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala, yamkini ikirekodi kamera za ulinzi za jengo fulani. Kisha tazama idadi ya sehemu zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Tunapendekeza zote ziwe sifuri. Zikiwa zaidi, rudisha kwa heshima hata kama bei ni ya kutupa. Dai risiti ya EFD na uandikiwe siku za dhamana.

Kuhusu diski unayoiuza wewe, maneno ni mafupi lakini ni mazito. Kufuta faili hakuliondoi, huondoa tu jina lake katika orodha, na mwenye programu ya kufukua atalifukua. Steshenari yetu ile ya mfano imetunza nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya pango ya mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Diski ngumu iandikwe yote upya kwa sifuri kabla ya kuuzwa, na SSD ifutwe kwa amri maalumu ya kiwanda chake. Iliyokufa isiyoandikika itobolewe kwa keekee hadi kwenye sahani.

MOTO, MAJI NA UMEME

Wengi wakishaweka diski mbili katika kasha moja hudhani wamejikinga. Wamejikinga na kufa kwa diski moja, basi. Hawajajikinga na mwizi anayebeba kasha zima, wala na virusi vinavyofunga mafaili yote yanayoonekana, wala na moto. Nasi wa upande huu wa mji hatuhitaji kuelezwa moto ni nini. Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika mwaka 1975, liliungua. Januari 2022 likafuata Soko la Karume hapa hapa Mchikichini. Mfanyabiashara ambaye daftari lake la madeni lilikuwa kibandani alipoteza mali, kisha akapoteza na ushahidi wa wanaodaiwa.

Kanuni inayotumiwa na wapiga picha na ofisi kubwa ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa kaya yetu maana yake ni hii: mafaili yenyewe ndani ya kompyuta, nakala katika diski ya nje inayochomekwa Ijumaa na kuchomolewa Ijumaa hiyo hiyo, na nakala nyingine kwa shangazi Mbagala, ikiwa imefungwa kwa neno la siri, ikibadilishwa kila mwisho wa mwezi. Mtandao nao hufaa, lakini piga hesabu. Gigabaiti 200 kwa njia ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu siku nne, usiku na mchana, mbali na gharama ya bando. Peleka huko daftari la madeni, vyeti na tasnifu. Harusi ziende Mbagala.

Nakala ya kukaa kabatini iwe ya diski ngumu, isiwe ya SSD. SSD hutunza kumbukumbu kwa chaji ya umeme, na ikiachwa muda mrefu bila kuwashwa, hasa ile iliyotumika sana na katika joto kama letu la Februari, chaji hiyo huvuja. Ifungwe katika mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Maji tuyataje kwa kuwa bonde la Msimbazi liko pale pale. Waliokuwapo Desemba 2011 wanakumbuka. Kasha lisikae sakafuni. Meza, au hata matofali manne, yatosha kwa mvua nyingi, na pia huliepusha na vumbi la ufagio linalovutwa na feni. Diski ngumu ikae mbele ya feni ya mbele, ifungwe skrubu nne wala si mbili, na nyaya zifungwe kwa vibanio pembeni ili upepo upite. Ukiigusa baada ya saa mbili za kazi, iwe ya uvuguvugu, isiwe ya kukufanya uondoe kidole.

Umeme umekuwa na nafuu tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulipoanza kufua umeme Februari 2024, baada ya mgao uliotuchosha mwaka 2023. Hata hivyo umeme wa mtaani hukatwa pia na nguzo, transfoma na LUKU iliyosahaulika. Ukikatika wakati diski inaandika, faili laweza kubaki nusu, na orodha nzima ya mafaili yaweza kuvurugika. Pateni UPS ndogo, hata ya 650 VA. Haitakupa saa ya kufanya kazi, itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, na hicho ndicho ulichokinunulia. Printa ya leza usiichomeke humo, maana huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

JIONI YA KUUNGANISHA

Utakapofika wakati wa kuweka mfumo endeshi, acha diski moja tu ikiwa imechomekwa, ile utakayoiweka mfumo. Nyingine zote zichomolewe waya wa taarifa. Programu ya kusimika huuliza, "Diski ipi?" kwa tarakimu 0, 1 na 2, si kwa majina ya watoto wako, na kosa la kidole kimoja hufuta diski yenye picha. Mfumo ukishakaa na kompyuta ikawaka mara mbili bila taabu, zima, chomoa plagi ukutani, unganisha diski ya pili, washa, hakikisha inaonekana. Kisha ya tatu.

Kabla hujafunga ubavu wa kasha, kata vipande vya plasta au karatasi ya gundi, ubandike kwenye kila waya karibu na kichwa chake: "diski ya mfumo", "diski ya harusi". Juu ya kila diski andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyoinunua. Ule mchoro wa daftari ukunje, uutie katika bahasha, uugandishe ndani ya mlango wa kasha mbali na feni. Atakayelifungua kasha hilo baada ya miaka mitatu huenda akawa mdogo wako, au fundi wa mtaa wa pili, nawe uko safarini Tabora, simu haipatikani.